Mkono wa Mlinda Lango

Watu wanadhani hadithi hutungwa mezani, kwenye kiti kizuri, dirisha wazi na chai pembeni. Haya, wadhani hivyo hivyo. Mwanamke wa kisa hiki alitunga yake akiwa amesimama wima, mikono imeshika ncha mbili za shuka la hospitali. Ncha nyingine mbili alishika mwenzake wa kazi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeitwa Mama Kona kwa sababu hakuna kitu alichokichukia duniani kama shuka ambalo kona zake hazikukutana.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na maegesho ya magari ya wagonjwa. Humo ndani kuna joto la kukutoa jasho hadi kwenye vifundo vya miguu. Mashine za kufulia zinanguruma upande mmoja, za kukaushia upande mwingine, na katikati kuna meza ndefu ambayo mashuka hutua yakiwa bado ya moto. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili na ina mwendo wake. Mnashika, mnarudi nyuma, mnalivuta likanyooka, mnasogeleana kukutanisha kona, mnaachana tena. Kila waliposogeleana, Mama Kona alinong'ona, "Enhe, ikawaje?" Na kila walipoachana, yule mwenzake alipata nafasi ya kuwaza itakuwaje. Hivyo ndivyo hadithi ilivyokwenda, kidogo kidogo, shuka hadi shuka. Siku Mama Kona akisahau kukutanisha kona, basi ujue hadithi imenoga.

Wenzake walimwita Kalamu. Mwanzoni ilikuwa kwa dhihaka, maana nani amewahi kuona mfua nguo anaandika hadithi? Lakini yeye wakati wa mapumziko alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, akaandika kwenye simu yale aliyoyasimulia asubuhi, akayatuma kwenye kundi la wafanyakazi wa kufulia. Manesi wakasikia, wakaomba kuingizwa. Manesi wakawaingiza mawifi zao, mawifi wakawaingiza majirani, na kabla hujakaa sawa, kundi limejaa watu ambao Kalamu hata akigongana nao njiani hawajui.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji umezungushiwa ukuta, una lango moja tu, na lango lina mlinzi mmoja tu, mwanamke. Wenyewe wanamwita Mlinda Lango. Alipokuwa mtoto, moto uliteketeza nyumba yao na watu wake wote, yeye akaokolewa, lakini mkono wake wa kulia uliungua vidole vikajikunja ngumi, havikunjuki mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumwona amelala. Ukipita usiku yupo, ukipita alfajiri yupo. Muuza mikate wa mji anamshangaa: mwanamke mwembamba vile, mkate mzima kila siku anaumalizaje? Hicho cha mkate Kalamu alikitia kwa utani tu, kumchekesha Mama Kona. Na hicho cha kutolala, haki ya Mungu, alikitia kwa sababu kilimjia, wala hakujua kinatokana na nini.

Sasa umaarufu nao una maradhi yake. Watu wakaanza kumfuata pembeni kwenye simu. "Dada Kalamu, na mimi nataka kuandika, nifanyeje?" Kalamu, ambaye darasani hakufika mbali, kichwa kikavimba kidogo. Si ubaya, na wewe kingevimba. Akawa anawajibu kwa maneno ya suti na tai: "Mwandishi lazima apange kila kitu kabla hajaanza. Mwandishi lazima amjue mhusika wake kuliko mhusika anavyojijua." Mama Kona alipousoma ujumbe huo alimtazama juu ya miwani akamwuliza, "Wewe umepanga nini, mwenzangu, mbona jana uliniuliza mimi Mlinda Lango afanye nini?"

"Kunja shuka," Kalamu akamjibu.

Basi, aliyemletea balaa ni dereva mmoja wa gari la wagonjwa. Huyu walimwita King'ora, na jina halikumwonea, kwa sababu hata akikusalimia, watu wa barabara ya pili huitikia. Kalamu alikuwa ametuma sehemu nzuri kweli, ile ambayo wageni wanafika langoni mvua inanyesha, na Mlinda Lango anawafungulia. Alikuwa ameandika, na aliipenda sentensi hiyo: *Akaingiza ufunguo kwa mkono wa kulia, akauzungusha upesi, kama mtu afanyavyo jambo alilolizoea.*

King'ora akaandika mbele ya kundi zima: "Mwandishi wetu, ule mkono umepona lini? Na mimi nina goti bovu, nielekeze kwa huyo daktari."

Jamani! Emoji za kucheka zikamiminika, zile zenye machozi. Mtu akaongeza, "Labda alijipaka mafuta ya taa." Mwingine akasema, "Mlinda Lango kapata bima." Kalamu alisoma amekaa juu ya kikapu chake. Alikuwa amesahau. Amesahau mkono! Kitu ambacho ndicho cha kwanza kabisa alichowahi kukijua kuhusu yule mwanamke. Alijiona ameumbuka, tena ameumbuka kwa mdomo wake mwenyewe, yeye aliyekuwa anawafundisha wenzake eti mjue mhusika kuliko anavyojijua.

Siku kadhaa zilizofuata hakuandika. Kazini alikunja mashuka kimya, na Mama Kona akiuliza "Enhe, ikawaje?" alijibiwa kwa kukohoa. Kumbe kilichokuwa kinamuuma hakikuwa mzaha wa King'ora. King'ora ni King'ora, kesho atamtania mwingine. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa hajawahi kumaliza hadithi hata moja maishani mwake. Alizianza nyingi, tangu msichana, na kila moja ilipofika mahali pa kukwama aliiacha. Hii alidhani ataifikisha. Sasa ilikuwa imevunjika mbele ya watu, na moyoni alishaamua kwamba yeye si mwandishi, ni mfua nguo mwenye maneno mengi.

Mchana mmoja akatoa simu, akaandika ujumbe wa kuaga. *Ndugu zangu, hadithi imeishia hapo. Asanteni kwa kunivumilia.* Akamwonyesha Mama Kona kabla hajautuma.

Mama Kona hakuamini macho yake. "Utawaacha wageni wamesimama langoni kwenye mvua?"

"Mvua yenyewe niliitunga mimi."

"Na mimi nimeloa! Mwezi mzima nakunja mashuka naloa. Ukituma hiyo kitu, shoga yangu, utatafuta mtu mwingine wa kushika upande wa pili wa shuka."

"Bora nijiondoe kuliko kuendelea kuchekwa."

Kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye kitufe cha kutuma. Hapo simu ikatetemeka mkononi mwake, na picha ikaingia kwenye kundi kutoka namba asiyoijua, chini yake mtu ameandika tu: *Nimejaribu kumchora.*

Kalamu akaifungua.

Kwanza hakuelewa anatazama nini. Ilikuwa picha iliyochorwa juu ya mfuniko wa boksi la viatu, rangi zake zinameremeta kwa namna ya ajabu, mvua inang'aa kama imenyesha sasa hivi. Halafu akaliona lango. Lango lake! Mbao pana, misumari yenye vichwa vikubwa, na ile bawaba iliyopinda ambayo aliitaja mara moja tu, mwanzoni kabisa, na akadhani hakuna aliyeikumbuka. Na mbele ya lango akamwona yeye. Shingo ndefu, uso uliochoka usiokubali kuchoka, mkono wa kulia umejikunja ngumi kifuani. Kalamu hakuwahi kuueleza uso wake hata siku moja, na bado alimtambua papo hapo, kama unavyomtambua ndugu yako kwenye umati. Mtu ambaye alikuwa anaishi kichwani mwake peke yake alikuwa ametoka nje, amesimama, na watu wengine wanamwona.

Mama Kona alikuwa amemwegemea begani. "Na huyu nyuma ni nani?" akauliza.

Kalamu akaikuza picha kwa vidole. Nyuma ya Mlinda Lango, ndani ya kivuli cha ukuta, palikuwa na mwanamke wa pili. Shingo ileile. Uso uleule. Na mkono wake wa kulia, mzima, vidole vimenyooka, ulikuwa unazungusha ufunguo kwenye kufuli.

Mashine zilikuwa zinanguruma na hakuzisikia. Wako wawili! Ndiyo maana halali, wanapokezana. Ndiyo maana mkate mzima. Ndiyo maana mkono umeungua sehemu moja na unafungua kufuli sehemu nyingine. Moto haukuteketeza watu wake wote, ulimbakishia ndugu mmoja, na wale wawili wakaamua kuishi kama mtu mmoja ili mji usiwahi kuwatenganisha. Yote yalikuwemo mle. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika, neno kwa neno, na hakuyajua! Amekuja mtu asiyemfahamu, amesoma, amemwonyesha hadithi yake mwenyewe.

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mfua nguo mmoja akauliza kwa mbali kama kuna aliyefiwa.

"Hakuna aliyefiwa!" Mama Kona akapaza sauti. "Wamezaliwa mapacha!"

Ule ujumbe wa kuaga akaufuta. Mchana uleule akaandika sehemu mpya, vidole vikichelewa nyuma ya mawazo. Kundi zima likarukwa na akili. Watu walirudi kusoma tangu mwanzo, wakawa wanaokota dalili: mkate, usingizi, mkono. "Alituficha tangu siku ya kwanza!" waliandika. King'ora mwenyewe alikuja mlangoni pa chumba cha kufulia, kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo kwake ni ya chini, "Dada, nisamehe. Kumbe ulikuwa unanitega." Kalamu akatabasamu, akarudi kwenye shuka lake. Ila sifa zile zilimkaa vibaya, maana kuna mtu mmoja aliyezistahili, na hakuwa yeye.

Siku yake ya mapumziko akaenda kumtafuta. Alikuwa ameshaiandikia ile namba, akaelekezwa: sokoni, ujia wa wauza vitambaa, mwisho kabisa, uliza Fundi Kucha.

Fundi Kucha alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye vidole virefu. Alikaa nyuma ya meza ndogo iliyojaa vichupa vya rangi za kucha, na mbele yake mteja amenyoosha mkono. Hapo ndipo Kalamu akaelewa kwa nini mvua ile ilimeremeta. Mtu huyu alimchora Mlinda Lango kwa rangi za kucha, zile zinazobaki chini ya chupa, kwa kile kiburashi kidogo cha kwenye kifuniko! Akasimama pale anavishangaa vile vichupa, vyekundu, vya zambarau, vya fedha, kama mtu aliyeonyeshwa jiko ambamo ulimwengu umepikwa.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi wa Mlinda Lango."

Fundi Kucha akainuka nusu, rangi ikadondoka mezani. "Wewe? Karibu, dada. Kaa. Jamani, kaa." Akampangusia kigoda kwa kiganja chake. Mteja akasahau kucha zake, akaanza kusikiliza bila aibu.

Kalamu alikuwa amejiandaa njia nzima. "Nimekuja kukuambia kitu, kaka. Hawakuwa wawili. Nilisahau tu. Nilisahau ule mkono, basi, nilikosea. Wewe ndiye uliyewaona."

Fundi Kucha akafunga kichupa, taratibu, mpaka kikakaza. Hakucheka. "Mimi nilikuwa na pacha," akasema. "Shuleni tulikuwa mikondo tofauti, tukawa tunapokezana, mwalimu hajui. Somo la kuchora nakwenda mimi, naingia mara mbili, kwa jina langu na kwa jina lake. Siku ya insha anakwenda yeye. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno, mimi nilikuwa na rangi. Nilipofika pale kwenye mkono wa kulia, sikuona kosa. Nilijua tu kwamba yule wa pili amekuja zamu yake."

"Na sasa yuko wapi?"

"Alitangulia. Aliugua, hakukaa."

Mteja akaguna, akatikisa kichwa kwa huruma. Fundi Kucha akaendelea, akitazama vichupa vyake. "Nataka kumwandika, dada. Najaribu. Lakini nikishika kalamu naona nimeshika kitu cha mwenyewe. Maneno yalikuwa yake. Wewe unawashauri watu, na mimi nishauri."

Kalamu akayatafuta yale maneno yake ya suti na tai, hakuyapata, na akashukuru kutoyapata. "Kaka, mimi nilikuwa nawadanganya watu kwamba lazima ujue kila kitu kwanza. Mimi sijui. Mimi namsimulia mwanamke mmoja anayeshika upande wa pili wa shuka, basi. Ningekuwa peke yangu nisingefika popote. Usiandike yote ya pacha wako. Andika kitu kimoja tu alichokuwa anakifanya, kibaya hivyo hivyo, halafu umpe mtu. Nipe mimi. Kuna vitu vitakuwemo humo wewe huvioni."

Akakisogeza kigoda karibu. "Na mimi umenipa kazi. Mwisho nilioupanga, Mlinda Lango anakufa. Sasa ni wawili."

"Mmoja atakufa?" akauliza Fundi Kucha.

"Sijui. Kwa kweli sijui."

"Usimponye kwa ajili yangu," akasema. "Ukifanya hivyo, nitajua."

Kalamu alirudi na maneno hayo kifuani. Zikapita siku za mashuka mengi, yeye na Mama Kona wakisogeleana na kuachana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafika mahali pa kukwama na hakukimbia. Akaandika mwisho. Yule mwenye mkono mzima akafariki, kimya kimya, mji usijue hata kwamba aliwahi kuwepo. Kesho yake wasafiri wakagonga. Yule aliyebaki akasimama mbele ya kufuli muda mrefu, ngumi yake kifuani. Kisha akautwaa ufunguo kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kufanya kazi hiyo, akauingiza vibaya, akauingiza tena, akauzungusha polepole. Na lango likafunguka vilevile.

Mama Kona aliposikia sentensi hiyo aliachia shuka likaanguka sakafuni, shuka safi, na hakuliokota. "Umemaliza," akasema. "Mwenzangu, umemaliza!" Wakakumbatiana katikati ya joto lile, jasho kwa jasho, na wafuaji wengine wakapiga vigelegele ingawa nusu yao hawakujua ni vya nini. Kundini watu waliandika mambo mengi ya kulia. Fundi Kucha hakuandika kitu.

Alikaa kimya hivyo mpaka Kalamu akaanza kuogopa kwamba amemuumiza. Halafu asubuhi moja, chai ya kazini ikiwa bado ya moto, ukaingia ujumbe wake. Haukuwa na salamu. Ulikuwa mfupi, umejaa makosa, umeandikwa na mtu anayetumia mkono asiouzoea. Pacha wake, aliandika, hakuweza kumaliza kusimulia kichekesho. Alikuwa anaanza kucheka kabla hajafika mwisho, anainama, anashika goti, na wote mnacheka ingawa kichekesho hakuna aliyekisikia. Ni hicho tu.

Kalamu akasoma, akacheka mwenyewe, na akamwona. Alimwona waziwazi, yule mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, ameinama anajikamata goti. Akatamani kumjibu, na maneno yote aliyonayo yakaonekana madogo. Basi, bila kujua anafanya nini, akachukua kipande cha karatasi kilichofungiwa sabuni, akachora. Kuchora hajui, tuseme ukweli. Mguu mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine, masikio yalitoka kama vishikio vya sufuria. Mdomo ulimshinda kabisa. Alijaribu meno ya mtu anayecheka, yakatoka kama ya mamba. Akayachora tena, yakazidi. Mwisho akakata tamaa, akachora kiganja kikubwa juu ya mdomo wote, kikafunika ule uchafu, yakaisha. Mama Kona akasema ni picha mbaya kuliko zote alizowahi kuona. Kalamu akaipiga picha na kuituma hivyo hivyo, macho ameyafumba.

Jibu likachukua muda. Lilipoingia, alilisoma mara moja, akampa Mama Kona simu, akaketi juu ya rundo la mashuka safi, jambo ambalo Mama Kona hakumruhusu mtu yeyote kulifanya. Mama Kona hakumfukuza. Alikuwa amevua miwani, anasoma kwa sauti iliyokatikakatika:

"Dada, hilo la jino lake lililovunjika sikuwahi kumwambia mtu. Umejuaje kwamba akicheka alikuwa anaziba mdomo?"